Skrini Nyeusi Haimaanishi Seva Imekufa

Wanachuo wenzangu, muulize mtu yeyote ni programu gani inayoanza kufanya kazi kompyuta inapowashwa. Wengi watakujibu Windows, na wale wa kozi za kompyuta watakujibu Linux. Majibu yote mawili yamechelewa. Kabla mfumo endeshi haujaguswa, kuna programu ndogo iliyolala ndani ya chipu moja kwenye mazabodi. Hiyo ndiyo inayoamka ya kwanza, inaiamsha RAM, inavitambua vifaa vingine, halafu inaliita diski. Vitabuni inaitwa programu dhibiti. Mafundi wetu wanaiita BIOS tu na wanaelewana. Mimi hapa nitaiita programu ya kuwashia, maana hiyo ndiyo kazi yake.

Nia yangu ni kueleza jinsi ya kutafuta ugonjwa wa seva inayogoma kuwaka, kwa kutumia programu ya kuwashia ya chanzo huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi na kila mtu anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuujenga upya. Naandika kwa sababu sisi watano wa klabu ya kompyuta tumeifufua mazabodi ya seva iliyokuwa imeshahukumiwa kwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Njia tuliyoifuata inadai uvumilivu kuliko pesa, na mtu wa mwaka wa kwanza anaweza kuifuata.

Mgonjwa wetu

Mazabodi yenyewe ni ASUS KGPE-D16. Ni ya zamani kidogo, lakini si ya kudharau. Ina soketi mbili za prosesa aina ya G34, zinazobeba AMD Opteron za mfululizo wa 6200 na 6300, ambazo kubwa zake zina kori 16 kila moja. Ina sloti 16 za RAM ya DDR3. Kwa klabu ya wanafunzi hiyo ni ng'ombe wa maziwa: unaweka humo kazi za miradi ya mwaka wa mwisho, mitihani ya zamani, na mashine pepe za kutosha ili kila anayejifunza Linux apate ya kwake ya kuharibu na kuanza upya. Seva mpya ya nguvu hiyo tusingeipata hata tungechanga tangu tunaingia chuo mpaka tunavaa majoho.

Ilitoka kwenye ofisi moja iliyobadilisha vifaa vyake. Ukiichomeka umeme na kuiwasha, feni zinazunguka, taa ya pawa inawaka, basi. Skrini nyeusi, kibodi haijibu. Fundi aliyeitazama kabla yetu alisema imekufa, na simlaumu hata kidogo. Programu za kuwashia za kiwandani kwa kawaida zinampa fundi milio michache ya spika, au namba mbili za hexadesimali ambazo maana yake anayo aliyeiandika. Daktari ambaye mgonjwa wake hasemi atabaki kubahatisha.

Mbio za kupokezana vijiti

Ili uielewe skrini nyeusi, lazima ujue kinachotokea katika sekunde zile za mwanzo. Ichukulie kama mbio za kupokezana vijiti zenye wakimbiaji wanne.

Mkimbiaji wa kwanza ni mdogo sana. Prosesa za ukoo wa x86 zikipata umeme huenda moja kwa moja kwenye anwani iliyo baiti 16 chini ya mpaka wa GB 4. Hakuna RAM pale. Mazabodi imepangwa ili anwani hiyo iangukie ndani ya chipu ya programu ya kuwashia. Prosesa inachota amri ya kwanza hapo, na mbio zimeanza.

Mkimbiaji wa pili ana kazi ngumu kuliko wote: kuiandaa RAM. Wengi tunadhani RAM ukiichomeka tu iko tayari. Sivyo. Kila moduli ina chipu ndogo pembeni yenye maelezo yake, na kwa DDR3 maelezo hayo ni baiti 256: ukubwa wake, kasi yake, muda inaohitaji kati ya tendo moja na jingine. Programu inayasoma, inaipanga mitambo ya RAM iliyo ndani ya prosesa, kisha inafanya mazoezi: inaandika, inasoma, inasogeza muda mbele na nyuma kwa vipande vidogo mno vya sekunde mpaka data ipite bila kuharibika. Kwa vile RAM bado haijawa tayari, programu yenyewe inafanya kazi ndani ya kashe ya prosesa. Likumbuke hili la kashe, maana ndilo lililotuokoa.

Mkimbiaji wa tatu anaikuta RAM tayari. Anavizungukia vifaa vilivyochomekwa, anavipa anwani, anaandaa majedwali ambayo Linux itayasoma baadaye ili ijue iko kwenye mashine ya namna gani.

Mkimbiaji wa nne anapokea mashine iliyokamilika na kutafuta mfumo endeshi kwenye diski, kwenye USB au kwenye mtandao. Anaweza kuwa SeaBIOS, anaweza kuwa GRUB. Akishaipata kerneli ya Linux, kijiti kimefika.

Sasa tazama ujanja wa skrini. Kwa kawaida picha hutokea kwa mkimbiaji wa tatu au wa nne. Kijiti kikiangushwa na wa kwanza, skrini nyeusi. Kikiangushwa na wa pili, nyeusi. Hata kikifika salama lakini kebo ya skrini ikawa mbovu, bado ni nyeusi tu. Dalili moja, magonjwa mengi. Kwa hiyo swali la "kwa nini haiwaki?" halikufikishi popote. Jiulize: kijiti kimeangukia wapi?

Programu inayotoa taarifa

Hapa ndipo inapoingia coreboot. Mradi huu ulianza mwaka 1999 kwenye maabara ya taifa ya Los Alamos, Marekani, kwa jina la LinuxBIOS, chini ya Ron Minnich. Wao walikuwa na makundi makubwa ya kompyuta zinazofanya kazi pamoja, na BIOS za wakati ule zilitengenezwa kwa mtu mmoja aliyekaa mbele ya kompyuta moja. Mashine ikigoma kwa kukosa kibodi tu, ni lazima mtu aende mpaka pale ilipo. Ukiwa na mashine mia, hiyo ni adhabu. Wakaandika ya kwao. Mwaka 2008 jina likabadilishwa likawa coreboot.

Kwa mtafuta ugonjwa, uzuri wa coreboot ni kwamba inasema kila inachofanya. Tangu kwa mkimbiaji wa kwanza inaweza kutuma maneno kupitia poti ya siriali, ile ya pini 9 ambayo wengi tunaiona ya kizamani. Poti ya siriali haihitaji RAM, haihitaji kadi ya picha, haihitaji mfumo endeshi. Inahitaji prosesa iliyo hai na mistari michache ya msimbo. Kwa hiyo hata RAM ikiwa imegoma kabisa, prosesa bado inaweza kukaa ndani ya kashe yake na kukueleza yaliyoisibu. Na ukikutana na ujumbe usioufahamu, unaufungua msimbo, unautafuta ujumbe ule ule, unasoma mistari iliyo juu yake. Kwa BIOS iliyofungwa njia hiyo huna.

KGPE-D16 iliingizwa kwenye coreboot mwaka 2015 na Raptor Engineering ya Marekani. Ni moja ya mazabodi chache za seva za enzi zake zilizopata bahati hiyo.

Vifaa utakavyohitaji

Kwanza, programa ya USB, kifaa kidogo cha kusomea na kuandikia chipu. Iliyozoeleka ni CH341A, ile ile wanayotumia mafundi wa kuflashi laptopu. Iangalie vizuri: baadhi yake hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data wakati chipu inataka volti 3.3. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka chochote. Ukiwa na Raspberry Pi, nayo inaweza kufanya kazi hiyo bila tatizo la volti.

Pili, chipu ya ziada. Kwenye mazabodi hii chipu ya programu ya kuwashia ina miguu minane, ukubwa wake ni MB 2, na imekaa kwenye soketi yake, haikuunganizwa kwa risasi. Unaing'oa taratibu kwa mkono. Maana yake unaweza kuiweka ya kiwandani kando, salama salimini, na kufanyia majaribio nyingine. Ukishindwa, unarudisha ya zamani. Kwenye mazabodi nyingi chipu imechomelewa, na hapo unahitaji kibanio cha kuishikia.

Tatu, kebo ya siriali ya kuunganisha seva na laptopu. Kuna kebo za USB za volti 3.3 zinazouzwa kwa ajili ya vibodi vidogo vya majaribio. Hizo si za poti hii. Poti ya pini 9 nyuma ya seva ni ya RS-232, ambayo volti zake ni kubwa zaidi. Pata kebo ya USB kwenda RS-232, na ya katikati iwe ile inayopishanisha nyaya za kutuma na kupokea. Kasi ni 115200.

Nne, laptopu yenye betri nzima. Umeme wetu tunaujua. Ukikatika wakati unaandika chipu, utaanza upya.

Kabla ya kuandika, soma

Ng'oa waya wa umeme kwenye seva, subiri dakika kadhaa, gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa chipu. Kisha usome chipu ya kiwandani kwa programu ya flashrom, na uisome mara mbili. Linganisha alama za mafaili yote mawili kwa sha256sum. Zikifanana, una nakala ya kweli. Zikitofautiana, mawasiliano na chipu si mazuri, na ukiandika katika hali hiyo utaandika takataka. Weka nakala sehemu mbili, moja isiwe kwenye laptopu hiyo hiyo.

Kuijenga coreboot kunakula muda na bando. Mradi unakutaka ujenge kwanza zana zake za kukusanyia msimbo, na kwa laptopu za kwetu hizi hiyo ni kazi ya kuiacha ikiendelea huku mnakwenda kula. Tulitumia toleo la 4.11, kwa sababu nitakayoieleza mbele. Tulichagua SeaBIOS iwe mkimbiaji wa nne, tukaweka kiwango cha maelezo kuwa cha juu kabisa. Kwenye utafutaji wa ugonjwa maneno mengi ni rafiki.

Tukaandika chipu mpya, tukaisoma tena kuhakikisha, tukaichomeka kwenye seva, tukawasha.

Mashine ilivyosema

Maneno yalianza kumiminika kwenye laptopu sekunde ile ile. Skrini ya seva bado nyeusi, lakini sasa hatukuijali. Kuona tu maneno yale kulishatupa majibu mengi: umeme uko sawa, prosesa ya kwanza iko hai, chipu inasomeka, mkimbiaji wa kwanza amemaliza kazi. Logi ikaonyesha prosesa ya pili nayo imeitika. Ikaonyesha moduli za RAM zikisomwa moja moja. Yakaanza mazoezi ya RAM, na katikati ya chaneli moja ya prosesa ya pili, kimya.

Ukifika hapa usikurupuke. Mashine yenye RAM nyingi inachukua muda, na logi yenye maneno mengi inaichelewesha zaidi. Tulisubiri dakika kumi, hakuna kitu. Tukarudia mara tatu, ikakata pale pale. Kosa linalojirudia mahali pale pale ni baraka, maana linakubali kuchunguzwa.

Kanuni yetu ikawa moja: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, na kiandike kabla ya kuwasha. Daftari lile lilikuwa na safu tatu: tumebadilisha nini, tunatarajia nini, logi imesema nini.

Jaribio la kwanza: tuliitoa prosesa ya pili pamoja na RAM zake zote, tukaacha ya kwanza na moduli moja. Mazabodi hii inakubali kufanya kazi na prosesa moja kwenye soketi ya kwanza. Mazoezi ya RAM yakapita, wakimbiaji wote wakafika, na SeaBIOS ikaonekana kwenye skrini. Kwa jaribio moja tukawa tumeondoa nusu ya watuhumiwa.

Jaribio la pili: prosesa ya pili ikarudi na RAM zake. Logi ikakata kwenye chaneli ile ile. Basi tukachukua moduli ya chaneli hiyo tukaibadilisha na moduli tuliyojua ni nzima. Ikakata tena pale pale. Ile tuliyoitoa ikafanya kazi vizuri upande wa prosesa ya kwanza. Kwa hiyo ugonjwa haukuifuata moduli. RAM ikaachiwa huru.

Watuhumiwa wakabaki watatu: sloti, soketi na prosesa. Kumbuka kwamba kwa Opteron hizi mitambo ya RAM iko ndani ya prosesa yenyewe, na kila prosesa ina chaneli nne. Nyaya za kila chaneli zinatoka kwenye sloti, zinapita kwenye mazabodi, zinaingia kwenye soketi, zinagusana na prosesa. Soketi ya G34 ina pini 1944. Mguso mmoja tu ukiwa mbaya, chaneli nzima inaweza kulala.

Jaribio la tatu ndilo lililomaliza ubishi: tulibadilishana prosesa, ya kwanza ikaenda soketi ya pili na ya pili ikaja soketi ya kwanza. Kama ubovu uko kwenye sloti au soketi, utabaki upande wa pili. Kama uko kwenye prosesa, utahama nayo. Tukawasha. Logi ikakata kwenye chaneli ile ile, lakini sasa upande wa prosesa ya kwanza. Ugonjwa ulihama.

Tukaitoa prosesa ile, tukaigeuza chini ya taa. Kati ya vituo vile bapa vya dhahabu vinavyokaa juu ya pini, kulikuwa na madoa ya pesti ya joto yaliyokauka, rangi ya kijivu, yaliyobaki tangu miaka ile ilipokuwa kazini. Ukitazama haraka huyaoni. Tukalainisha kwa spiriti ya isopropili, tukafuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, tukaiacha ikauke kabisa. Soketi tulikagua kwa tochi na lenzi tu, maana pini zile ni laini kuliko nywele, na ukizipinda ndiyo kwaheri.

Tukaunga tena. Chaneli zote nane zikapita. Tukaiacha usiku kucha ikipimwa RAM kwa Memtest86+, asubuhi tukakuta kosa sifuri.

Angalia gharama ya tiba: spiriti na kitambaa. Kazi kubwa yote ilikuwa kujua wapi pa kufuta.

Kama dalili zako ni tofauti

Usipopata neno hata moja kwenye siriali, usianze kuilaumu RAM. Hakiki kebo, kasi, na kama ni poti sahihi. Kisha hakiki chipu: imekaa upande unaotakiwa? Iliandikwa sawasawa? Baada ya hapo ndipo uitazame pawa saplai na waya wa umeme wa prosesa, ambao mara nyingi husahaulika.

Logi ikikata kwenye RAM, punguza mpaka prosesa moja na moduli moja, kwenye sloti ambayo kijitabu cha mazabodi kinasema ndiyo ya kwanza kujazwa. Mpangilio wa sloti si mapambo. Kuchanganya moduli za aina tofauti nako huleta tabu.

Logi ikivuka RAM kisha ikakata wakati wa kutambua vifaa, toa kadi zote za ziada, rudisha moja moja.

Ikifika kwa SeaBIOS lakini haioni diski, mbio za mazabodi zimekwisha salama. Tafuta kwenye diski, kebo, au namna Linux ilivyowekwa.

Ikiwa ilikuwa inawaka vizuri na imegoma baada ya kubadilisha mipangilio, zima, ng'oa umeme, futa mipangilio iliyohifadhiwa kwa kufuata kijitabu. Na ikiwa inawaka, lakini unataka kujua yaliyotokea wakati wa kuwaka bila kebo ya siriali, coreboot ina programu inayoitwa cbmem. Ukiiendesha ndani ya Linux inakuonyesha logi ile ile, pamoja na muda uliotumika kila hatua.

Uwazi nao una mipaka

Nisije nikawauzia mbuzi kwenye gunia. Prosesa yenyewe ina msimbo wake wa ndani ambao hauko wazi. Opteron 6200 tulizo nazo zinafanya kazi bila kuongezewa msimbo huo, lakini zile za 6300 bila kuongezewa huyumba, hasa ukiendesha mashine pepe. Kwa hiyo kabla ya kuhangaika na seva inayoganda hovyo, soma namba iliyo juu ya prosesa.

Mpaka wa pili ni wa watu. Toleo la 4.11 la coreboot, la Novemba 2019, ndilo la mwisho kuibeba KGPE-D16. Mradi uliweka masharti mapya ya namna msimbo unavyopaswa kuandikwa, na kwa mazabodi hii hakupatikana wa kuifanya kazi hiyo kwa wakati, ikatolewa kwenye msimbo mkuu. Ndiyo maana tulijenga toleo la zamani. Wengi hudhani chanzo huria ni kitu kinachojilea chenyewe. Hakuna kitu kama hicho. Msimbo ni kama kisima cha kijiji: wote wanachota, lakini asipopatikana wa kukisafisha kitajaa tope.

Hata hivyo, kuna tofauti kubwa kati ya kisima chenye tope na kisima kilichofukiwa. Msimbo wa mazabodi hii ulibaki wazi, na kampuni ya 3mdeb ya Poland ikauokota na kuuendeleza ndani ya mradi wake wa Dasharo. Nasi tuliweza kurudi nyuma kwenye toleo la 2019 bila kumwomba mtu ruhusa. Programu iliyofungwa, mwenye nayo akisema amemaliza, imekwisha.

Sisi jambo hili linatuhusu kuliko tunavyodhani. Kompyuta nyingi tunazotumia hutufikia zikiwa zimeshatumika, wakati mwenye kuziunda ameshahamia kwenye za miaka mipya. Tunazipokea bila maelezo, na zikigoma tunaziita taka. Nyingine ni taka kweli. Lakini nyingine zina doa la pesti tu, na hatuwezi kuzitofautisha kwa sababu hatuna njia ya kuziuliza.

Anayetaka kuanza hahitaji seva wala programa. Coreboot inajengwa pia kwa ajili ya QEMU, ile programu ya kuigiza kompyuta ndani ya kompyuta. Ijenge kwenye laptopu yako, iwashe humo ndani, uelekeze siriali kwenye dirisha lako, na utawaona wakimbiaji wote wanne wakipita mbele ya macho yako. Kisha fungua msimbo, tafuta ujumbe mmoja uliouona kwenye logi, soma mistari kumi iliyo juu yake. Usipoielewa, soma tena kesho. Siku utakapokutana na skrini nyeusi ya kweli utakuwa umeshajua swali la kuanzia: kijiti kimeangukia wapi?